Salamu za Mzee Kombo na Samaki wa Moa

Enzi hizo petroli bado ya kibali, Mwatum alikuwa na redio ya upepo dukani kwake, mtaa wa Mabawa. Iliongea na vituo viwili: Moa, alikokwenda mumewe Hilal kununua samaki, na Wete, alikokaa baba yake, Mzee Kombo. Masafa yalikuwa mamoja tu. Mmoja akibonyeza kitufe, wengine wote kimya.

Asubuhi moja lori la barafu lilisimama mlangoni. Eliudi, dereva, alikuwa na mafuta ya safari moja. Hilal akipata samaki, lori liende Moa; akikosa, barafu ikauzwe Pangani.

"Mwatum, hapa Moa..." Hilal alianza.

"Wete hapa!" Mzee Kombo akamkalia juu. "Mwanangu, umeamkaje? Na majirani? Na yule mwenye baiskeli?"

Hilal akanywea. Baba mkwe hakatizwi, hata samaki wakiota miguu.

Eliudi alichungulia. "Dada, Moa au Pangani? Barafu inayeyuka, gari linakojoa huku!"

"Ngoja, baba anasalimia."

"Atamaliza lini?"

"Ndiyo kwanza yuko kwa majirani."

Lakini mzee alikuwa mla tambuu. Kila baada ya maneno machache aliachia kitufe, akatafuna, akatema, ndipo akarudi. Mwatum akayaona mapengo yale. Maneno ya baba yalikuwa ya kutembea, ya Hilal ya kukimbia. Njia moja ingewatosha. Mzee alipoachia tu, Mwatum akabonyeza kumwambia Hilal: "Penyeza hapo hapo!"

"Naja, usinihimize," mzee akajibu. "Wageni mnao?" Akatafuna.

"Wengi mno!" Hilal akapenyeza. Upepo wa redio ulizifanya sauti zote kuwa moja, kama ya mtu aliyetia kichwa mtungini.

"Alhamdulillahi. Na watoto?"

"Wanaoza!"

Mwatum akalirukia pengo lile: "Moa, barafu inakuja!" Eliudi alikuwa keshakanyaga mafuta.

Kisha redio ikalia. "Innalillahi! Wote?"

"Baba, samaki! Wanaooza ni samaki!"

"Usinifiche, mwanangu. Nipe mmoja mmoja niwasikie."

Ikabidi watoto waitwe kutoka chuo cha Kurani. Kila mmoja akatoa shikamoo, akaulizwa alikula nini, akaambiwa akohoe. Kitinda mimba, ambaye hajajua kusema, alifinywa ili alie. Mzee akaridhika naye, kisha akamtaka tena yule mkubwa, kwa kuwa kikohozi chake hakikumpendeza. Kwa hofu alikuwa ametema tambuu yote, na kila pengo sasa lilijaa wajukuu. Kutoka Moa ilisikika "Mwa..." moja tu, ikamezwa.

Alasiri, mzee akiwa anamhoji mjukuu wa tatu kwa mara ya pili, lori lilirudi mlangoni, samaki wamelala kwenye barafu, macho yao yaking'aa. Hilal akashuka, akavua kofia mbele ya redio, akanyata hadi sikioni kwa mkewe asije akamkatiza mkwe.

"Mwatum," akanong'ona, "nilitaka kukwambia lori limefika Moa."