Meza ya Uani

Meza yangu ya uani msinichezee. Ndivyo ninavyomwambia kila mgeni anayevuta kiti, na wifi yangu hunitania kwamba iko siku nitaivalisha sweta. Na acheke! Jua likikolea naifunika turubai, mawingu yakitanda natoka mbio, na vanishi ikichoka naipiga msasa, naipaka upya. Kikombe cha moto kikikaa juu yake bila kitambaa kinaacha duara jeupe, halitoki ng'o.

Aliyeichonga ni baba mkwe, fundi seremala, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Siku hizi kikombe kinamchezea njia nzima hadi mdomoni, nami roho inakuwa juujuu mpaka amalize.

Leo mchana tulikaa wote uani: yeye, mume wangu na wifi. Nilimtandikia baba kitambaa, naye akatua kikombe chake cha chai pembeni ya kitambaa.

"Baba, jamani! Kitambaani!" nikafoka, kama nakemea mtoto.

Mzee wa watu akashtuka. Akakinyanyua harakaharaka, kikamponyoka, chai yote ikamwagika.

Nikaruka. Nikafuta, nikapuliza, nikainama kukagua kama vanishi imebabuka. "Afadhali, haijashika," nikasema, nikashusha pumzi.

Kuinua macho, namwona mume wangu amepiga magoti, anammiminia baba maji ya baridi mkononi. Ngozi ilishaanza kuvimba. Wifi, ambaye hakosi la kusema, alinitazama tu, kisha akatazama pembeni.

Uso ukaniwaka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Baba, nisamehe, sikuona..."

Uongo mtupu. Niliiona chai ikimwagikia mkono wake na ikimwagikia meza, nikakimbilia meza. Haya iliyonishika hata siwezi kuisimulia.

"Si kitu, mwanangu," akasema mzee. "Meza imepona?"

Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikamletea chai nyingine. Kikombe nikakiweka mwenyewe juu ya mbao tupu, mbele yake, watu wote wakiona.

"Weka popote unapotaka, baba. Tafadhali."

Akatabasamu, akanishukuru. Halafu akarudisha kiti chake nyuma, mbali na meza, akakitua kikombe chini sakafuni, katikati ya miguu yake, na kila alipotaka kunywa akawa anakiinamia.