Mwalimu wa Kwenye Bango

Likizo ya Juni ilikuwa katika wiki ya tatu, na Asia bado alikuwa ubaoni. Watoto arobaini wa darasa la saba, waliobakizwa kambini kwa ajili ya mtihani, walimtazama kwa macho mazito. Uji wa asubuhi haukuwa na sukari. Getini, bango la shule lilimwonyesha Asia akicheka: WALIMU WA KIINGEREZA KUTOKA NJE.

Nje yenyewe ilikuwa Mangochi, Malawi. Kwa Kiyao chake alielewana na Bi Rukia wa jikoni kama waliozaliwa ua mmoja. Huko nyumbani mwanawe Jafari, wa miaka sita, alikuwa hajamwona kwa miaka miwili. Likizo hii alikuwa amemwahidi kwenda.

"Pasipoti iko Dar, inashughulikiwa," Mkurugenzi wa shule, Innocent, alimjibu kila alipoomba ruhusa.

Siku hiyo Mkurugenzi aliingia darasani bila hodi.

"Madam, kuna afisa wa uhamiaji ofisini. Mwambie wewe ni mgeni wangu, umekuja kutalii ufukwe wa Mnazi Bay. Ukinisaidia, Ijumaa unasafiri."

Asia alitazama vidole vyake, vyeupe kwa chaki. "Mtalii gani ana mikono hii?"

"Usiniletee ukaidi, mdogo wangu."

Ofisini, afisa alimkazia macho. "Unafanya nini hapa?"

"Nafundisha. Siku sita kwa wiki. Hata siku ya Idi nilifundisha."

Mkurugenzi akacheka peke yake. "Madam ana utani huyu."

"Pasipoti?"

Mkurugenzi akafungua droo. Kijitabu kilichokuwa Dar tangu Februari kikatoka chini ya boksi la chaki, kikampita Asia puani hadi mkononi mwa afisa.

"Kibali kiliisha Machi. Mama, unafanya kazi kinyume cha sheria."

"Na anayenifanyisha?"

Afisa aliitia pasipoti mkobani. "Kasubiri garini."

"Chakula kwanza, mzee," alisema Mkurugenzi. "Kuna samaki, changu wa leo leo."

Asia aliketi garini, jua likichoma kioo. Bi Rukia akapita na sinia tupu.

"Wanakula," alimnong'oneza kwa Kiyao. "Tena wanacheka, mwanangu."

Asia akafungua mlango. Hakuelekea getini. Alirudi darasani, akafuta ubao, akaandika swali la kumi na moja. Watoto wakasimama wote kwa pamoja.

"Mama! Twende!" afisa aliita barazani, akijifuta mafuta ya samaki.

"Ngoja," alisema bila kugeuka. "Hawajamaliza."

Chaki ikakatika. Akaendelea na kipande kilichobaki.

Getini, mlinzi alikuwa amepanda ngazi, akikaza upya kamba ya bango iliyolegea kwa upepo.