Kanuni ya Nne ya Ligi ya Jioni

Jumanne moja, saa kumi jioni, Winfrida alikuwa ameinama akichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, maana chokaa iliisha tangu Pasaka na hakuna aliyeulizia nyingine. Chuo kilikuwa cha ualimu, nje kidogo ya Mugumu, na uwanja wenyewe ulikaa kati ya bwalo la chakula na safu ya mikaratusi. Ligi ilikuwa ya burudani tu. Timu nne za mpira wa wavu, zilizopewa majina ya mito, Rubana, Grumeti, Mbalageti na Mara, zilicheza jioni baada ya vipindi, na washindi walipewa kreti mbili za soda.

Winfrida alikuwa nahodha wa Rubana na katibu wa ligi. Kanuni zote kumi zilizobandikwa kwenye mlango wa bwalo aliziandika kwa mkono wake. Ya kwanza ilisema mchezo ni wa kufurahi. Ya pili ilisema kila timu iwe na wachezaji sita, na wasiopungua wawili wawe wanawake. Ya tatu ilisema anayebishana na refa ataokota mipira wiki nzima. Ya nne ndiyo aliyoipigania. Ilisema mpira ukiguswa zaidi ya mara moja upande mmoja, mmoja wa waliougusa lazima awe mwanamke, la sivyo pointi ni ya wapinzani.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa amecheza msimu mzima akagusa mpira mara tisa, nyingi zikiwa za kumrudishia mtu anayekwenda kuanzisha. Likizo alirudi kwao Kenyamonta akiwa amevimba kwa hasira, na chuo kilipofunguliwa alipita chumba kwa chumba kwenye bweni la wasichana akikusanya saini. Kanuni ilipopita, mipira ikaanza kumfikia, na hapo ikaonekana kwamba binti huyu mrefu anajua kupiga. Evance, mpandishaji wa Rubana, yule anayeuinua mpira ili mwenzake aupige, alimzoea mpaka akawa anampandishia bila kutazama. Jumamosi walikwenda sokoni pamoja. Hawakuwa wametamkiana neno, lakini Felista, mpishi wa chuo, alikuwa akiwawekea ukoko kwenye sahani moja.

Muhula huo Mokami alikuja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Matongo, na kura ikampeleka Rubana.

Katika mechi yake ya kwanza Evance alipandisha mpira vibaya, ukaenda juu sana na kando. Winfrida aliruka, akaukosa, akashuka. Mokami aliruka pia, ila yeye hakushuka. Alibaki juu, magoti yamekunjwa kidogo, kwa muda wa kumwamkia mtu mzima na kuitikiwa, mpaka mpira ulipomfikia. Akaupiga chini, ukatua kwenye mstari na kutimua majivu.

Mwalimu Ildefonce, mkufunzi wa michezo aliyehamishiwa huko kutoka Biharamulo, alipuliza filimbi. Alikwenda mlangoni mwa bwalo akasoma kanuni zote kumi, akarudi.

"Amegusa wavu?"

"Hajagusa, mwalimu," alisema Nyangwine, nahodha wa Grumeti, "lakini anatuharibia bloku, ukuta wetu wa mikono. Sisi tumeshashuka, yeye bado yuko juu."

"Kanuni zinasema nini kuhusu kushuka?"

"Hazisemi kitu."

"Basi pointi ni ya Rubana."

Baada ya mechi Winfrida alimfuata Mokami bombani.

"Unafanyaje vile?"

"Sifanyi kitu, dada. Nachelewa tu kushuka." Mokami alikuwa akinawa vumbi la shingoni. "Kwetu mama ndiye anachelewa zaidi. Akipanda kurekebisha bati, baba anaweza kuchunga mpaka akarudi, yeye bado yuko palepale."

Wiki ile Evance alimpandishia Winfrida mipira minne. Wiki iliyofuata, miwili. Alisema si kwa ubaya, ni kwamba Mokami hakosi. Jumamosi hakwenda sokoni. Winfrida alimwona kutoka dirishani mwa bweni akifanya mazoezi, Mokami yuko juu anangoja, na Evance chini amemwinulia uso, mdomo wazi kidogo, anacheka. Winfrida alikumbuka miezi yote waliyotembea bega kwa bega. Evance hakuwahi kumtazama kwa shingo iliyoinuliwa namna ile. Jioni hiyo Felista aliweka ukoko kwenye sahani ya Mokami.

Winfrida akachukua kalamu.

Kanuni ya kumi na moja ilisema mchezaji aliyeruka ashuke kabla mpira haujavuka. Mwalimu Ildefonce alitia saini bila maswali, maana katibu ndiye mwenye kujua. Mokami aliisoma mlangoni, akaenda nyuma ya jiko akachagua mawe mawili, akayatia kwenye mifuko ya bukta. Alishuka kwa wakati. Alipiga vilevile, na watu wakamshangilia zaidi kwa bidii yake.

Kanuni ya kumi na mbili ilikataza vitu vizito mifukoni, kwa ajili ya usalama. Mokami akatoa mawe, akayapanga vizuri pembeni, akaacha kuruka. Alicheza akiwa amesimama. Ikaonekana kwamba hata chini mikono yake ni mizuri, haiachii mpira, na kwa kuwa kanuni ya nne ilitaka mpira upitie kwa mwanamke, Evance aliupitisha kwa Mokami, kila mara, kama mtu anayepita mlango wa nyumbani kwao.

Winfrida alilala na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne aliitisha kikao cha manahodha kwenye darasa la maabara. Manahodha walikuwa wanne, yeye peke yake mwanamke. Alisoma pendekezo bila kuinua macho: kanuni ya nne ifutwe, ili kuharakisha mchezo.

Kisha Nyangwine akaunga mkono kwa haraka iliyoangusha kiti chake.

"Mura, na iandikwe kwamba hoja imetoka kwa katibu mwenyewe," alisema akikiinua, akiwaita wenzake vijana kwa Kikurya.

Ikaandikwa. Winfrida alichukua rula, akaiweka kwenye karatasi ya mlangoni, akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya maneno yake mwenyewe. Judith wa Grumeti, ambaye mwaka uliopita alimsaidia kukusanya saini, alikuwa akitoka bwaloni na kikombe cha uji.

"Ni wewe umeitoa, dada?"

"Ni kwa kuharakisha mchezo."

Judith aliitazama rula, akaenda zake.

Mchezo ukaharakika kweli. Mechi ya Rubana na Mbalageti iliisha mapema mno, jua bado kali. Mokami hakugusa mpira hata mara moja, na Winfrida, aliyekuwa akimchunguza tangu mwanzo, alisogea karibu na wavu. Alingoja mpira uanze kumjia yeye. Ulikwenda kwa Jackson, mwenzao wa Rubana. Ulikwenda tena kwa Jackson.

"Niko hapa, Evance," alisema.

"Nakuona. Jackson leo yuko vizuri."

Jackson alikuwa vizuri Alhamisi, na wiki iliyofuata pia. Winfrida aligusa mpira mara mbili, zote akiutoa kwenye mikaratusi. Evance alikuwa sasa hamtazami Mokami wala yeye. Wivu wa Winfrida, uliokuwa na mtu wa kumkalia, ulibaki umesimama katikati ya uwanja ukigeuka huku na huku.

Mokami, kwa kuwa hakuna mpira uliomjia, aliona hakuna kanuni inayomhusu, akaruka na kukaa juu. Kutoka pale aliona mabati ya hospitali na basi la Musoma likitoka stendi. Wiki ya tatu Judith aligundua kwamba viatu vyake mwenyewe havichafuki majivu. Alikuwa juu kwa kimo cha kidole. Mechi mbili baadaye alikuwa juu ya wavu. Precious, mwenzake wa Grumeti, alimfuata, kisha wasichana wa Mbalageti na wa Mara, mmoja mmoja, bila kelele. Walikuwa wanawake wanane katika ligi nzima, na saba kati yao wakawa juu. Wengine walikuja na madaftari wakasoma kwa ajili ya mitihani. Precious alimsuka Judith mistari sita, akamaliza seti ya pili ikiisha. Kengele ya chakula ikilia walishuka, wakapanga foleni.

Mwalimu Ildefonce aliwahesabu akasema kuna tatizo la kanuni ya pili, ile ya wanawake wawili kila timu. Manahodha wakakutana. Nyangwine alipendekeza kanuni ya kumi na tatu: wanaoelea wahesabiwe kuwa uwanjani. Ilipita kwa kura tatu. Winfrida aliinua mkono akaomba kanuni ya nne irudishwe.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Nyangwine, kwa upole.

"Hawapati mpira."

"Wamelalamika?"

Hawakuwa wamelalamika. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

"Na ni wewe uliyesema inachelewesha mchezo," aliongeza Nyangwine. "Maneno yako yapo hapa. Tusome?"

Haikuhitajika kusomwa. Winfrida aliandika kanuni ya kumi na tatu kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaibandika.

Siku iliyofuata alikwenda uwanjani kabla ya wengine. Mokami alikuwa peke yake juu ya nguzo ya kushoto, amenyoosha miguu.

"Zile kanuni nilizitunga kwa ajili yako," Winfrida alisema. "Zote. Ya kushuka, ya mawe, na ile ya nne niliifuta kwa sababu yako."

"Najua, dada. Mwandiko nauona kila siku nikienda kula."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema wewe kwanza." Mokami alimtazama chini. Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na huruma. "Mimi nilikuja hapa nataka kucheza. Matongo hatuna hata wavu, tulifunga kamba ya ng'ombe kati ya miti miwili. Nilisema nikifika chuo nitacheza mpaka nichoke."

Winfrida aliuliza alichokuwa amekuja kuuliza.

"Na mimi mbona sipandi? Kosa langu ni lipi, kama Judith amepanda na Precious amepanda?"

"Si kosa. Wewe bado unaungoja mpira, dada."

Akampa mkono. Winfrida aliushika akaruka, mara tatu, mara nne. Kila mara alishuka kwa wakati wake, kama kanuni ya kumi na moja inavyotaka.

Ligi iliisha wiki moja kabla ya mitihani. Rubana walishinda. Mkuu wa chuo akataka picha ya wachezaji wote kwa ajili ya ukuta wa ofisi, na Vedasto mwenye studio mjini akaja na kamera yake jua linapokaribia kuzama. Wanaume walijipanga safu mbili mbele ya wavu. Wanawake saba walikuwa juu yao, wametulia, miguu mitupu, nguo zimenyooshwa, maana walikuwa wameambiwa kuna picha. Winfrida alisimama mwisho wa safu.

Vedasto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko.

"Wote hawaenei," alisema. "Wale wa juu washuke?"

"Mwanga unaisha, mzee. Piga tu," alisema Nyangwine.

Vedasto alisita, akamtazama Winfrida, kwa sababu alikuwa ameambiwa katibu ni huyo. Kulikuwa na muda wa kutosha kusema neno ngoja. Winfrida alimwona Evance katikati ya safu ya mbele, na pembeni yake nafasi ya mtu mmoja. Alikwenda akaijaza. Alinyoosha kola, akainua kidevu. Vedasto akapiga.

Picha ilisafishwa, ikatiwa fremu ya mbao, ikatundikwa kwenye korido ya ofisi. Imetoka vizuri. Wanaume wanacheka, na katikati yao kuna uso mmoja wa kike, mrefu, wenye tabasamu. Juu ya vichwa, pale picha inapokatika, zinaonekana nyayo kumi na nne.

Wageni huuliza ni za nani. Mwalimu Ildefonce huwajibu kwamba ni za wachezaji wa kike, na kwamba wote wamehesabiwa. Wageni huridhika, wakaendelea na shughuli zilizowaleta.

Winfrida hupita hapo kila anapopeleka daftari la mahudhurio. Nyayo za Mokami anazijua, ni zile za kushoto kabisa, vidole vimeachana kama vya mtu anayepumzika. Siku moja korido ikiwa tupu aliweka kiganja kwenye kioo, akapima kutoka utosi wake mwenyewe pichani mpaka kwenye visigino vile. Ilikuwa shubiri moja kasoro kidogo. Alipima tena, kana kwamba ingeweza kupungua, akaondoa mkono kabla mtu hajatokea.