Kadi Iliyosema Moyo Mzima

Mtoto wako akikujia na kukuambia amekosea, hata awe na miaka arobaini na mbili na cheo chuoni, usimwambie anyamaze. Mimi nilimwambia. Naandika ili mama mwingine asije akajifunza kwa njia niliyojifunza mimi.

Binti yangu Dervla anafundisha chuo kikuu hapa Coventry, Uingereza. Anafundisha wasaidizi wa madaktari, wale wanaokuhoji na kukupima na kusema unaumwa nini, kisha daktari ndiye anayetia sahihi dawa. Yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo wodini miaka tisa kabla hajaitwa kufundisha. Mimi wodini nilikuwa napiga deki. Nilitoka Mayo, Ireland, nikiwa msichana, na shule yangu iliishia ile ya msingi. Siku alipopewa ofisi yenye jina lake mlangoni nililigusa lile jina kwa kidole, herufi moja moja. Mnikumbukie hilo mkinihukumu.

Chuoni kwao wanafunzi hawaanzi na wagonjwa wa kweli. Wanaanza na sisi, wazee wa mtaani tunaojitolea. Kila mmoja anapewa kadi yenye ugonjwa wake: leo kibofu kinawaka moto, mwezi ujao umefiwa na huli. Siku ya mtihani tunapangwa vyumbani. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, dakika nane, kengele tena, anatoka, mwingine anaingia. Mwalimu anakaa kwenye kona na karatasi ya alama, na hasemi neno. Hata mwanafunzi aangue kilio, hasemi neno.

Mimi nilikuwa tumbo. Ralph Tunnicliffe alikuwa kifua.

Ralph alikuwa mjane, mstaafu wa kiwanda cha magari, mtu wa utani tangu anavua kofia. Asubuhi ya mtihani wa mwezi wa tano aliingia chumba cha kusubiria, akashika kiti kwanza, kisha akakaa.

"Bado tumbo linauma, Attracta?"

"Mpaka saa tisa. Baada ya hapo nimepona."

"Mzima humu ndani ni mimi peke yangu. Kadi inasema kifua safi, moyo mzima. Mwaka wa sita huu! Hata padri wako hana cheti kama hicho."

"Cheti unacho, pumzi huna. Ulivyokuwa unapanda ngazi nilidhani treni ya Birmingham imeingia."

"Lifti imekufa, mama wee. Na nimekula soseji tatu."

Tulicheka wote. Nilimsikia mtu anavyohema, nikamfanyia mzaha.

Sasa sikilizeni hili, maana kila kitu kimetoka hapa. Kabla ya kengele ya kwanza, mwalimu wa kila chumba anatakiwa ampime mwenyewe yule mzee wake, ahakikishe mwili unasema kile kadi inachosema, kisha atie sahihi juu ya karatasi. Asubuhi ile mwalimu mmoja hakutokea, na Dervla alikuwa anakimbia huku na huku kupanga vyumba. Chumba changu kilitazamana na cha Ralph. Nilimwona akiingia mle kushika nafasi ya yule asiyekuja, kalamu mkononi.

"Ralph, mzima?"

"Kama kadi, mwalimu."

Akatia sahihi. Stetoskopu ilikuwa shingoni mwake na haikutoka pale.

Yaliyotokea mle ndani nilisimuliwa na Dervla baadaye. Wanafunzi wanane walipita, wote wakasema moyo mzima. Wanajua wazee wa kifua huwa wazima, kwa hiyo wanaweka stetoskopu na kuhesabu sekunde. Wa tisa alikuwa msichana anaitwa Harleen Sohal. Yeye alisikiliza, akahamisha, akamwomba Ralph ainame mbele. Akafumba macho. Akapandisha stetoskopu mpaka shingoni, akarudi chini, akapanda tena. Halafu akasema, "Nasikia mvumo kwenye moyo, juu upande wa kulia, unapanda mpaka shingoni. Ningeomba daktari amwone leo."

"Binti," Ralph akamwambia, ingawa hakutakiwa kusema, "kadi yangu haisemi hivyo."

Msichana akaona haya mpaka masikio. Kengele ikalia. Kwenye karatasi ya alama kuna mstari unaosema mwanafunzi akibuni dalili isiyokuwapo apewe sifuri. Dervla akaandika sifuri. Na ukianguka chumba cha kifua, umeanguka mwaka mzima.

Siku kumi na moja baadaye Ralph alikutwa amelala kifudifudi kwenye kishamba chake cha mboga, katikati ya mistari ya vitunguu. Alikuwa ameshapoa.

Baada ya mazishi tulikula sandwichi za nyama ya nguruwe kwenye klabu ya wastaafu wa kiwanda. Glenys, binti wa Ralph, alikuwa anapita na birika la chai, akasimama kwetu.

"Wamempasua," akasema. "Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umekakamaa kama komeo lenye kutu. Siku nyingi. Daktari kaniambia mtu yeyote ambaye angemsikiliza kifua vizuri angesikia. Na baba alivyokuwa hapendi hospitali! Nani angemsikiliza?"

Dervla akaweka kikombe chini taratibu sana, kama kimejaa mpaka ukingoni. Hakikuwa na kitu.

Ndani ya gari hakuwasha injini.

"Mama, sikumpima. Nilitia sahihi tu."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na kuna msichana alimsikia, nikampa sifuri. Amefeli mwaka, mama. Anadhani masikio yake ndiyo mabovu."

"Ralph harudi, Dervla."

"Najua harudi. Lakini yule msichana..."

"Yule ni kijana, mwaka mmoja kwake ni nini? Na wewe unayaona magazeti. Kila kukicha wanawaita nusu madaktari. Unataka uwapelekee kamba mwenyewe? Utafukuzwa. Miaka yote ile, kwa sahihi moja? Nyamaza."

"Mama..."

"Nyamaza, mwanangu. Nakusihi."

Akanyamaza. Tangu utotoni alikuwa msikivu, na nilikuwa nikijisifia kwa majirani.

Dervla anakaa nami tangu ndoa yake ivunjike. Kwa hiyo niliona yalivyoanza. Alikuwa ananyamaza katikati ya chakula na kuinamisha kichwa upande wa friji. "Unasikia?" Nikamwambia friji limezeeka. Kesho yake ikawa bomba la maji ya moto. Jumapili moja nimerudi kanisani nikamkuta amepiga magoti sebuleni, stetoskopu masikioni, ameiweka kwenye mgongo wa kochi ambalo hakuna aliyelikalia.

Halafu akaanza na mimi. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini alinijia nikiwa na gauni la kulalia. "Kaa wima, mama. Vuta pumzi. Inama mbele." Vidole vyake vilikuwa baridi. Alisikiliza mpaka uji wangu ukaganda, kisha akasema, "Upo."

"Nini kipo?"

"Mvumo."

Niliogopa, siwadanganyi. Nikaenda kupigwa picha ya moyo. Yule fundi wa picha, kijana mcheshi, akanigeuzia kioo nione. "Mama, huu moyo wa kukopesha watu. Milango inafunguka na kufunga kama ya benki." Nikaileta barua nyumbani na kuiweka mbele ya Dervla. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaweka stetoskopu kifuani kwangu juu ya sweta, akafumba macho.

"Bado upo," akasema.

Mwezi wa kumi alikuja Anselm, mwalimu mwenzake, mtu mpole wa ndevu nyeupe. Alikaa ukingoni mwa kiti na chai hakuigusa.

"Bi Attracta, samahani kuja bila taarifa. Wanafunzi wanamwogopa Dervla."

"Kawafokea?"

"Afadhali angefoka. Darasani anawaambia wasikilizane vifua, kisha anapita nyuma yao, na kila kifua anasikia ugonjwa. Vijana watatu amewapeleka hospitali. Wote wazima. Na jana..." Akatazama mlango. "Jana alisimama mbele ya kile kiti cha Ralph. Kitupu. Akakiambia, 'Inama mbele kidogo.' Akangoja, kama mtu anayempa mzee nafasi. Kisha akanyoosha mkono. Vijana ishirini wameketi wanatazama."

"Ulifanya nini?"

"Nilimshika bega, na akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, asikie vizuri."

Wiki ileile nilikwenda chuoni kwa zamu yangu ya tumbo. Nilifika mapema, peke yangu kwenye chumba cha kusubiria, saa tatu asubuhi, jua linaingia dirishani. Lifti ilishatengenezwa zamani, ngazi hazina mtu. Nikasikia mtu anapanda. Anapanda, anasimama, anahema, anapanda. Akafika nje ya mlango na kusimama pale, na ile pumzi ikipanda na kushuka.

"Ingia, Ralph," nikasema.

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Mlango haukufunguka. Nikainuka nikaufungua mwenyewe, na ukumbi ulikuwa mweupe, hauna kitu. Sijui nilichosikia. Lakini nilijua alikuja kwangu na si kwa Dervla, kwa sababu aliyefunga mdomo wa Dervla ni mimi.

Sikungoja zamu. Nikamfuata ofisini kwake.

"Nilikosea," nikamwambia. "Nenda ukaseme."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa na maji.

"Leo ndiyo unaniambia? Miezi mitano, mama."

"Leo. Nitakwenda nawe."

"Unishike mkono kama mtoto wa chekechea?"

"Nitakwenda kama mtu aliyekuambia unyamaze."

Mkuu wa kozi alikuwa mwanamke mkavu, akasikiliza bila kuandika, kisha akaanza kuandika bila kutazama mtu. Akasema uchunguzi utafanyika, Glenys ataelezwa, na sifuri ya Harleen itafutwa. Dervla hatasimamia mtihani wala kufundisha mpaka wamalize. Akaitisha kikao kingine Alhamisi, Harleen aje mwenyewe.

Alikuja na sare ya duka la miwani, ndiko alikokuwa anauza. Msichana mwembamba, mkoba ameupakata mapajani. Dervla akamwambia yote, tangu kalamu mpaka komeo lenye kutu. Hakulia, wala hakujitetea.

"Kwa hiyo nilisikia kweli," Harleen akasema.

"Ulisikia."

"Nyumbani nilikuwa nampima babu yangu kila wiki, nijue masikio yangu yana kasoro gani. Mwishowe stetoskopu nikamtupia mdogo wangu achezee." Akaunyoosha mkanda wa mkoba. "Naomba nikuulize kitu kimoja. Siku ile uliniona nilivyorudi shingoni mara ya pili. Ulikuwa unanitazama. Uliniamini?"

Nilimkanyaga Dervla mguu chini ya meza. Ndiyo, hata pale. Hata baada ya yote.

Akausogeza mguu wake.

"Nilikuamini," akasema. "Nilijua hakuna anayebuni kitu namna ile. Lakini kukuamini kwa sauti ilikuwa lazima nisimamishe mtihani mzima, niseme mbele ya wote kwamba nimetia sahihi uongo. Nikasema nitampima Ralph jioni, tukimaliza. Jioni alikuwa ameshapanda basi. Nikasema nitampigia simu kesho."

"Ulipiga?"

"Hapana."

Harleen akaweka mkoba begani. Akamwambia mkuu wa kozi kwamba atarudi mwezi wa kwanza, kama nafasi ipo. Mlangoni akageuka. "Mimi nimepoteza miezi mitano. Yule mzee alikuwa na siku kumi na moja. Sitaki anifundishe tena huyu." Na akatoka.

Tulirudi kwa gari. Mimi hiyo ya kumwamini msichana nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Siku zote nilidhani alijua pale klabuni, kwenye sandwichi, kama mimi. Nikahesabu vidoleni. Siku kumi na moja, Ralph yuko hai, anachimba vitunguu vyake, na simu yake iko kwenye orodha ya chuo. Na siku zote hizo Dervla alikaa mezani kwangu tukala pamoja, nikimuuliza kazi ilikuwaje, naye akijibu nzuri.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Kabla hajafa. Ungeniambia tu, mimi mama yako."

Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na yeye bado hajaondoa gari.

"Nilijua utakachosema, mama," akasema.