Mfupa Ndani ya Leso

Mgeni, mama mmoja, aliingia kliniki ya meno saa mbili na robo asubuhi, akachukua namba kumi na saba, akakaa kwenye benchi. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mhudumu wa mapokezi alimwambia hana haja ya kadi mpya, ya zamani bado ipo kabatini.

Namba yake ilipoitwa, alifungua leso mbele ya tabibu. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe kama chenga za mchele. Alieleza kwamba ni mfupa wa taya lake, ule ulioliwa kidogo kidogo chini ya fizi, na kwamba huko aliko amerudishiwa wote. Tabibu aliupekua kwa kibano, akakubali ni wake. Kadi yake ilikuwa na neno moja, limeandikwa mara kumi na nne: ng'oa.

"Nilikuja fizi zikitoka damu tu," mama yule alisema. "Mkaniambia nirudi meno yakianza kucheza."

Tabibu hakubisha. Kliniki ilitaka wagonjwa thelathini kwa siku, na kung'oa ndiko kwepesi. Mashine ya kusafisha chini ya fizi ilikuwa stoo, ndani ya katoni, ikimsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Huu ulikuwa mwaka wa nne.

"Binti yangu mshonaji atakuja kesho. Usimng'oe, mwanangu."

"Sitamng'oa, mama."

Kesho yake, Jumanne, mshonaji alikuja amefunika mdomo kwa kiganja. Meno ya mbele, aliyozoea kukatia uzi, yalikuwa yanalegea. Tabibu alimweleza kuwa mfupa uliokwenda umekwenda, ila uliobaki unaweza kushikwa usiondoke. Akamkwangua ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda chini ya fizi, kwa mkono, jino kwa jino, saa nzima. Akampangia Jumanne tatu zaidi. Foleni ilinung'unika. Msimamizi alichungulia, akamuuliza kama anasugua masufuria.

Jumanne ya tatu ilipopita, barua ilifika: tabibu ahamie stoo, alinde vifaa.

Jumanne ya nne alimkalisha mshonaji juu ya ile katoni, kwa kuwa stoo haikuwa na kiti. Taa nayo hakuna. Marehemu, aliyekuja na binti yake, akashika tochi, akamwambia apanue mdomo vizuri, asimchoshe tabibu. Tabibu alikwangua hadi jino la mwisho. Fizi hazikutoka damu.

"Uzi sasa ukate kwa mkasi," tabibu alimwambia mshonaji.

"Mkasi nimeshanunua, kaka."

Marehemu alizima tochi, akaifunga leso yake. Ng'ambo ya ukuta iliitwa namba kumi na saba, na muda si mrefu jino lililong'olewa likalia ndani ya trei.