Kidole na Kipande cha Baba

Skrini ikawa nyeusi katikati ya neno. Kisha feni ikavuma, taa ya kijani ikapepesa, na kompyuta ikaanza kujiwasha upya kana kwamba hakuna aliyekuwa akiandika chochote.

"Imefanya tena," alisema mwalimu kutoka kwenye benchi. Alikuwa amepakata mtihani aliouandika kwa mkono. Wanafunzi wangeufanya kesho asubuhi.

"Nimeiona, mwalimu," alijibu binti aliyekaa mbele ya kibodi.

Mtaa mzima ulimwita Kidole, kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja, na kidole hicho kilikuwa na mbio kuliko mikono miwili ya wengine. Chumba hicho cha kuchapia kazi za watu kilikuwa cha marehemu baba yake, na mashine pia. Jana, ilipozidi kujikokota, alinunua kipande kipya cha memori, kumbukumbu ya kompyuta, akakipachika kando ya kile cha zamani. Tangu hapo, ikawa haikai muda bila kujizima.

Kaka yake mkubwa alisimama mlangoni na shuka mkononi. Alikuja kuifunga mashine aipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Baba alikuachia kitu kizima, ukakitia mkono. Haya, ndiyo hayo. Chumba nimekipatia mpangaji. Wewe rudi nyumbani umsaidie wifi yako."

"Wifi ana mikono yake."

Mwalimu akakohoa, kicheko kisimtoke.

"Na ikipona, kaka?"

"Haiponi."

"Nimeuliza ikipona."

"Ikipona, ubaki nayo na chumba chako. Umeridhika?"

"Mwalimu, umesikia?"

"Masikio yangu mazima."

Kidole akachomoa waya, akafungua ubavu wa mashine, akagusa chuma kwanza, kuondoa umeme wa mwilini, kama alivyofundishwa. Akatoa kipande kipya. Mashine ikawaka, ikatulia. Lakini alipoanza kuchapa, herufi zilikuja kwa kujivuta, moja baada ya nyingine, kama wazee wanaopanda ngazi. Akamaliza sentensi, skrini bado iko kwenye neno la kwanza. Kisha ikaganda kabisa.

"Basi hicho kipya ndicho kibovu," alisema kaka. "Umeuziwa jiwe." Akaanza kukunjua shuka.

Kidole akainamia mashine. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Tangu jana mkono huo ulikuwa unakizunguka kipande cha zamani, kama mtu anayepita kando ya aliyelala. Baba alikipachika mwenyewe, yeye akimshikia tochi. "Hapa pasiguswe," alimwambia, na yeye hakuwahi kupagusa. Hata vumbi alilifuta pembeni pembeni.

Akazima. Akabana vishikio vya pande zote mbili. Kipande cha baba kikachomoka.

"Wee! Hicho ni cha baba!"

"Nakijua."

"Unamtoa baba unaweka cha dukani?"

"Baba hakai humu, kaka. Hebu nyamaza, nataka kusikia."

Akakiingiza kile kipya palepale kilipokuwa cha zamani, peke yake, akakandamiza kwa vidole gumba mpaka vishikio vikalia, ta, ta. Akawasha.

Feni ikavuma. Wote watatu wakaitazama. Kidole akafungua mtihani, akafungua picha za kila aina, akaiamrisha printa ichape, vyote kwa mpigo, kama mtu anayemchokoza mwenzake makusudi aone kama atakasirika. Printa ikatema karatasi. Skrini ikabaki nyeupe, haikuzima.

"Kila kimoja kizima, cha baba kimezidiwa na kazi tu," alisema. "Kukaa pamoja ndiko kulikovishinda."

Mwalimu akamtazama kaka, akamtazama dada, akarudisha macho kwenye karatasi zake. "Hayo mambo yapo," alisema.

Kaka alibaki na shuka nusu imekunjuliwa, hajui ailaze wapi.

Kidole akakifuta kipande cha baba kwa upindo wa nguo, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Meno ya kipande hicho, ya rangi ya dhahabu, yakang'aa.

"Swali la ngapi, mwalimu?"

"La tano. Lilikatikia kwenye 'eleza'."

Kidole kikainuka, kikasita juu ya kibodi.

"Kaka, unanizibia mwanga."

Akasogea. Jua likaingia mpaka kwenye herufi.