Siku Nilipotangaza Miaka ya Kyakimwa

Wamama wenye mabinti, nawaandikia hii ili musifanye kama mimi.

Sisi ni watu wa Butembo. Bwana yangu Nzanzu alifungua duka hapa Kindu, na mutoto wetu Kyakimwa alikuwa anasoma kwa masista, anataka kuwa mwalimu. Katika familia ya bwana yangu, binti akikua, shangazi yake anakaa naye ndani siku tatu. Anamupakaa mafuta, anamulisha vizuri, anamufundisha mambo ya nyumba. Nje hakuna anayeambiwa. Sikukuu ya siku ya kuzaliwa hatukuijua.

Lakini majirani walikuwa wanatucheka, ati tuko wachoyo. "Watu wa Butembo, wanauza sukari na chai yao haina sukari!" Nilichoka na maneno hayo. Mwaka wa 1976, Kyakimwa alipotimiza miaka kumi na tano, nikasema tutafanya sikukuu kama watu wa mujini.

Katungu, dada ya bwana yangu, alikuwa amefika toka Butembo kwa kazi yake ya shangazi. Akanikamata mukono.

— Wifi, mutoto anaonyeshwa kwa watu?

— Huku ni Kindu, wifi. Kule kwenu mufiche hata maharagwe.

Nilipika gato, ile keki ya sikukuu, ndani ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Tukaazima santuri. Kyakimwa akacheza, na kucheza alijua kweli. Watu wakajaa mpaka barazani. Matata naye akaingia, mukubwa wa vijana wa chama cha serikali katika mutaa wetu, yule anayechagua wasichana wa kucheza ngoma mbele ya wakubwa wa chama wanapotembelea. Hakuna aliyemwalika. Nikamupa bia, tena nikafurahi amekuja. Akaniita raia, kwa Kifaransa cha chama:

— Sitwayene, huyu binti iko na miaka ngapi?

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie:

— Kumi na tano leo! Ameisha kuwa mwanamuke!

Wakapiga vigelegele. Katungu akaondoka, akaenda kukaa jikoni.

Siku ya tatu karatasi ikaja: Kyakimwa aingie kundi la wachezaji wa chama, wataenda Kisangani majuma mawili. Bwana yangu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena.

— Nikikataa, watafunga duka.

Mimi nikakimbilia kwa Matata.

— Baba, nilisema uongo. Mutoto hajafika miaka hiyo, ana kumi na mbili tu.

Akacheka mpaka akakohoa.

— Mama, mutaa muzima ulisikia. Nani alimwita mwanamuke, ni mimi?

Majuma mawili yakawa miezi mitano. Alishuka toka boti ya Ubundu, ile inayoleta watu wa Kisangani, akiwa amevaa kitenge cha chama, tumbo mbele. Nikamuuliza ni nani alimupa mimba.

— Wakubwa.

Mpaka leo sijapata jina lingine.

Alizaa, mutoto akakaa siku sita tu, tukamuzika. Mwezi wa tisa, shule zilipofunguliwa, nilimurudisha kwa masista. Mimi mwenyewe nilifua unifomu yake, nikaipiga pasi. Sista mukubwa hakututukana. Alifungua daftari lake, akalifunga, akasema nafasi imechukuliwa, na kwamba wazazi wa wengine hawatakubali. Nikaanza kumusihi, nikapiga magoti pale mulangoni, wasichana wanapita na vitabu vyao wakituangalia.

Kyakimwa hakulia. Akaniinua kwa mukono.

— Mama, twende. Nimechoka kusimama.